Anacheka nini?

Kuna swali moja niliulizwa mwaka wa kwanza nimeanza kupiga picha kwa malipo, mpaka leo halijanitoka kichwani, na kiukweli limenifundisha kazi kuliko video zote nilizoangalia na lenzi zote nilizonunua.

Nilikuwa nimetoka kupiga harusi, ya tatu au ya nne hivi. Nimepiga picha kama 3,400, memori kadi zimejaa, mabega yanauma, na nilikuwa na furaha sana kwa sababu nilijua safari hii nimepata hisia, yani watu wanacheka, watu wanalia, watu wamekumbatiana, hakuna anayeangalia kamera, nyuma kumefifia vizuri. Nikazipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa ananifundisha, mpiga picha wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Nikamfungulia zile nilizoona kali, kama 40 hivi. Ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja amerusha kichwa nyuma anacheka kwa nguvu. Mzee akaiangalia weee, afu akaniuliza, "Huyu anacheka nini?"

Nikamwambia sijui mzee.

Akasogeza ya pili, kijana mmoja ameshika uso, machozi yanamtoka. "Na huyu analia nini?" Nikasema si ni harusi mzee, machozi ya furaha hayo. Akasema, "Ulimsikia akisema ni ya furaha?" Kimya. Ya tatu, ya nne, ya kumi, swali ni lilelile. Anacheka nini, anamwangalia nani, hapo kabla kulikuwa na nini, na baada ya hapo ikawaje. Katika picha 40 nadhani nilijibu nne, na katika hizo nne mbili nilikuwa nabahatisha. Mwisho akavua miwani akaniambia, "Kijana, macho unayo. Masikio uliyaacha wapi?"

Sikulala vizuri siku ile. Nilikasirika kwanza, nikaona mzee ananionea wivu na kamera yangu mpya, kesho yake nikazifungua tena nikiwa peke yangu na hapo ndo nikaona alichokiona. Zile picha zilikuwa ni nyuso tu. Uso umefunguka mdomo, uso umefumba macho, uso una machozi. Ungeweza kuichukua ile ya mama anayecheka ukaipachika kwenye tangazo la dawa ya meno na isingelalamika. Nilikuwa nazunguka ukumbini kama mtu anayeokota vitu vilivyodondoka, nikiona meno napiga, nikiona machozi napiga, nikishapiga nishaondoka kutafuta meno mengine. Watu wenyewe sikuwa nao kabisa.

Kwa hiyo ninachotaka kusema leo kwa mtu yeyote anayehangaika na picha za bila pozi, awe na kamera kubwa au simu tu, ni hiki: hisia unaanza kuisikia kabla hujaiona. Najua inasikika kama maneno ya ajabu, picha haina sauti, lakini nivumilie nieleze.

Kazi iliyofuata baada ya hapo niliamua kwamba nusu saa ya kwanza sigusi kamera. Naiacha inaning'inia shingoni, nakaa na watu, nasikiliza. Ilikuwa sherehe ya bibi mmoja kutimiza miaka 80, familia kubwa. Katika ile nusu saa nikajua vitu ambavyo nisingevijua kwa lenzi yoyote ile: kwamba kaka yake bibi ndo mchekeshaji wa ukoo, kwamba kuna wajukuu wawili hawaongei tangu mwaka jana, kwamba binti wa mwisho ndo anayemuuguza na amechoka sana ila hasemi. Basi jioni kaka mtu akasimama akaanza kusimulia. Kila mtu akamgeukia yeye, na mi wa zamani ningemgeukia yeye pia, anarusha mikono, anatoa macho, ni picha tupu. Lakini nilikuwa nasikiliza. Nikasikia kwamba kisa anachosimulia kinamhusu bibi mwenyewe akiwa na miaka 15, kitu alichomficha baba yao, na nikajua kinakoelekea kwa sababu mchana nilishasikia watu wakikigusia. Nikamgeukia bibi mapema, nikachuchumaa upande wa pili wa meza, nikasubiri. Kisa kilipofika penyewe watu wote wakamcheka kaka mtu, na bibi pale akafumba macho, akapiga meza kwa kiganja mara moja, pa, afu mkono uleule akaupeleka mdomoni kama msichana aliyekamatwa, vidole vimetengana kidogo, na katikati ya vidole unaona anacheka. Picha moja. Mkono wa mtu wa miaka 80 na aibu ya mtoto wa miaka 15. Ukiniuliza anacheka nini nakujibu bila kusita.

Ile picha nisingeipata kwa wepesi wa mkono. Niliipata kwa sababu nilifika mapema sehemu ambayo jambo lilikuwa linakuja. Watu wanadhani picha za namna hii ni kushtukiza, kuvizia, kuwahi, lakini ukishasikiliza unagundua mambo mengi ya binadamu yanapiga hodi kwanza. Sauti inashuka kabla ya mtu kulia. Mtu akitaka kusema jambo zito anavuta pumzi, anagusa kitu kilicho karibu, glasi, shati, pete. Kicheko kikubwa kina kimya kidogo mbele yake, watu wanakuwa wanasubiri. Usipokuwa unasikia hivyo vitu utafika kila siku jambo limeshapita, utapiga watu wanafuta machozi na kukaa sawa. Na hata hapo si mbaya, nitarudi.

Kitu kingine nilichojifunza ni kwamba uso wa kamera unachosha. Namaanisha ule uso mtu anaouvaa akijua anapigwa. Hakuna anayeweza kuushikilia kutwa nzima. Dakika kumi za kwanza kila mtu ananyoosha mgongo, anavuta tumbo, anatabasamu ukimkaribia, we piga tu hizo za mwanzo usiwanyime, afu endelea kuwepo. Usijifiche, kaa wakuone mpaka wakuzoee kama wanavyozoea kiti. Saa ya pili uso wa kamera unaanza kuteremka wenyewe na chini yake anatoka mtu. Ndo maana mi siipendi ile kazi ya kuitwa nusu saa, njoo piga tatu nne uondoke, nusu saa ni muda wa watu kuigiza tu.

Wapo waliochagua njia nyingine, ya kujificha kabisa. Mmarekani Walker Evans kati ya mwaka 1938 na 1941 alikuwa anapanda treni za chini ya ardhi New York na kamera ndogo kaifunika ndani ya koti, lenzi inachungulia katikati ya vifungo na waya wa kufyatulia umepita kwenye mkono wa koti mpaka kiganjani. Hakuwa hata anachungulia kwenye kamera, anakaa mbele ya mtu, anakadiria, anabonyeza. Nyuso alizopata pale ni za watu walioko ndani ya mawazo yao kabisa, hakuna aliyevaa uso wowote. Ni picha nzito na nimezikalia sana. Lakini yeye mwenyewe alisubiri mpaka mwaka 1966 ndo akazitoa kwenye kitabu, miaka 25 karibu, na mi nikifikiria kwa nini mtu akae na picha nzuri hivyo muda wote huo, naona inanitosha kuwa onyo. Njia yake sijawahi kuijaribu na sitaijaribu. Napenda mtu ajue nipo, afu asahau mwenyewe.

Sasa kuhusu tabasamu, maana hili naulizwa sana, unajuaje hili ni la kweli na hili la kuigiza. Mwaka 1862 daktari mmoja Mfaransa, Guillaume Duchenne, alichapisha kazi yake ya kuchunguza misuli ya uso, alikuwa anaigusa kwa umeme mmoja mmoja na kupiga picha kinachotokea. Akaona tabasamu lina misuli miwili mikubwa. Mmoja unavuta pembe za mdomo juu, huo unakutii, ukitaka saa hizi utabasamu utatabasamu. Mwingine umezunguka jicho, ndo unaoinua shavu na kukunja ngozi ya pembeni ya jicho, na huo akasema hauitikii amri kirahisi, unaitikia furaha. Mwanasayansi Charles Darwin akazitumia picha zake kwenye kitabu chake cha mwaka 1872 na mpaka leo tabasamu la aina hiyo linaitwa kwa jina la Duchenne.

Mi niliposoma hivyo nikageuka kuwa mwindaji wa makunyanzi, kila picha naikuza naangalia pembe za macho, haina mikunjo naitupa. Nikatupa picha nzuri sana kipindi kile, na inaniuma. Kwa sababu watafiti wa baadaye wameonyesha kuwa watu wengi tu wanaweza kuyaigiza hata macho, na upande wa pili kuna watu wana furaha ya kweli lakini uso wao ni mtulivu, ndo walivyoumbwa, furaha yao iko kwenye mabega au kwenye namna wanavyokaa. Siku hizi naangalia zaidi tabasamu linavyoondoka. La adabu linazimika kama taa, mtu akigeuka tu uso umeshakuwa mtupu. La kweli linachelewa kuisha, mtu ameshageuka, ameshaanza kufanya kitu kingine, na bado kuna mabaki yake usoni. Hayo mabaki nayapenda kuliko kicheko chenyewe. Ndo maana nimesema kufika jambo limepita si mbaya, ila usishushe kamera wakati wengine wanashusha. Wote wakishapiga makofi na kukaa, hesabu pumzi tatu nne, angalia aliyekuwa katikati ya jambo anafanya nini akidhani shughuli imeisha.

Na mikono, jamani, mikono. Uso umefundishwa adabu tangu utotoni, usilie mbele za watu, tabasamu kwa mgeni, mikono haijafundishwa kiasi hicho. Nimepiga mtu anayeaga mwanaye, uso mkavu kabisa, anatania tania, huku mkono wake umekamata mkanda wa begi la mtoto na hauachii. Nikakata uso kwenye fremu nikabaki na mkono na begi. Familia yake waliiona wakanyamaza wote.

Upande wa mashine nitapita haraka haraka kwa sababu mambo ni machache. Mashine inatakiwa ijiendeshe ili masikio yako yawe huru, ndo kanuni pekee. Nje kwenye mwanga mzuri natumia lenzi ya mm 35, apacha (tundu la kupitishia mwanga, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo) f/8, fokasi, yani umbali wa kitu kinachotoka safi, naiweka mita 3 na siigusi tena, kwa kamera ya sensa kubwa (kile kidude cha ndani kinachopokea picha) kila kitu kuanzia kama mita 2 mpaka 7 kinatoka safi, kwa hiyo nainua na kubonyeza, hakuna cha kusubiri kamera itafute. Ndani nafungua apacha mpaka f/2 hivi, spidi ya shata, yani muda ambao kamera inapokea mwanga, sishuki chini ya 1/250 ya sekunde kwa sababu mtu anayecheka anatikisika mwili mzima na 1/60 itakupa uso umevurugika, ISO, yani kiasi kamera inavyoukuza mwanga, naiachia ijipangie yenyewe mpaka 6400. Picha itakuwa na chenga kidogo, vile vidoti vidoti. Achana na chenga, hakuna mtu amewahi kulia kwa sababu picha ya baba yake haina chenga. Flashi naiacha begini, ukipiga flashi mara moja tu umewakumbusha watu wote ukumbini kwamba wanapigwa na ile saa nzima ya kuzoeleka umeitupa. Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alikuwa anabandika utepe mweusi wa gundi juu ya sehemu zinazong'aa za kamera yake ili tu isivute macho, na hiyo ni kamera ndogo ya mkononi, we fikiria flashi.

Na usiangalie kioo cha nyuma ya kamera kila ukipiga. Hili nalisema kwa uchungu maana nimepoteza vitu vingi nikiwa nimeinamisha kichwa naangalia picha ya sekunde tano zilizopita.

Ila kimya nacho kina gharama yake, niseme hili ili lisimkute mwingine. Nilipopata kamera inayoweza kupiga bila mlio kabisa nilifurahi kupita kiasi, nikaona sasa nimekuwa kivuli. Kazi ya kwanza nikaenda nayo kwenye kikao cha mwisho cha watu waliofanya kazi pamoja miaka mingi na ofisi ilikuwa inafungwa, watu wanaongea kutoka moyoni, nikakaa pembeni nikapiga masaa mawili bila mtu kugeuka hata mara moja. Nyumbani kwenye kompyuta nikakuta picha zote zina mistari mistari ya giza imekatiza, juu mpaka chini, kwenye nyuso za watu. Kumbe taa nyingi za umeme haziwaki mfululizo, zinawaka na kufifia mara 100 au 120 kwa sekunde kutegemea umeme wa mahali, macho hayaoni, lakini shata ya kielektroniki inasoma picha mstari kwa mstari kwa hiyo mistari mingine inasomwa taa imewaka na mingine imefifia. Ningeshusha spidi mpaka 1/100 au 1/120 kulingana na umeme wa pale, au ningerudi kwenye shata ya kawaida yenye mlio, ningeokoa nyingi. Ningejaribu picha moja tu mwanzoni nikaikuza ningegundua. Wale watu hawatakaa pamoja tena kwenye chumba kile, na chumba chenyewe hakipo. Niliwarudishia hela yao na nikawaomba radhi mmoja mmoja, na bado naliwaza.

Lakini hilo lilikuwa kosa la mashine, na ya mashine yanarekebishika. Kuna lingine halikuwa la mashine.

Niliitwa kupiga msibani, familia yenyewe ilitaka kumbukumbu. Kulikuwa na dada mmoja amesimama mbali kidogo na watu, ameegemea ukuta, simu iko mkononi imeshushwa pembeni ya paja, machozi yanamtoka bila sauti, na mwanga wa dirishani umemwangukia nusu ya uso. Nikapiga tatu. Picha ilikuwa nzuri sana, na nilijua ni nzuri wakati naipiga. Baada ya wiki nikaiweka mtandaoni na maneno machache kuhusu uchungu wa kuondokewa, watu wakaisifia mno, ikasambaa kidogo.

Yule dada akanipigia. Hakufoka, nadhani ningeona afadhali angefoka. Aliniambia, "Kaka, pale sikuwa namlilia marehemu." Siku ile mwanaye alikuwa hospitali mji mwingine anafanyiwa upasuaji, na alikuwa hajamwambia mtu yeyote kwenye ukoo, alikuja msibani kwa sababu asingeweza kukosa, na ile simu ilikuwa imetoka kuingia ujumbe kwamba mtoto ametoka salama. Alijitenga ili alie bila watu kumuuliza. Na sasa kwa sababu ya picha yangu watu walikuwa wanampigia kumpa pole kwa jinsi alivyompenda marehemu, wengine wanashangaa mbona hawakuwa karibu kiasi hicho, na ilibidi ama adanganye ama aeleze jambo la mwanaye ambalo hakutaka kulieleza.

Niliifuta saa ileile, nikamwomba msamaha, akanisamehe. Lakini lile swali la mzee likanirudia kwa namna ambayo sikuitegemea. Huyu analia nini? Mi nilijijibia mwenyewe. Niliona msiba, nikaona machozi, nikajumlisha, nikaandika. Yale yalikuwa machozi ya nafuu, machozi ya mama aliyerudishiwa mtoto, na mi nikayabandika jina lingine mbele ya watu wote kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Mara nyingi tunasema picha haidanganyi. Ile picha haikudanganya, nilidanganya mimi chini yake.

Tangu hapo nina utaratibu wangu. Picha ya mtu akiwa kwenye udhaifu haitoki mkononi kwangu mpaka yeye ameiona. Ninampelekea kwanza yeye, peke yake, namuuliza. Akisema futa nafuta mbele yake, hata kama ni picha bora ya mwaka. Watu wananiambia nawapa nguvu sana, kwamba wengi watakataa. Wachache sana wanakataa. Wengi wanakaa kimya, afu wanakuambia kilichokuwa kinaendelea, na hapo ndo unapata picha kwa mara ya pili, safari hii unajua umepiga nini.

Nikifikiria hili huwa namkumbuka yule mama wa kwenye picha ya mpiga picha Mmarekani Dorothea Lange ya mwaka 1936, kule Nipomo, California, mkono kwenye shavu, watoto wamemlalia mabegani wamegeuza nyuso. Picha maarufu sana duniani, imetumika kila mahali kuwa uso wa shida za miaka ile. Jina lake ni Florence Owens Thompson, na dunia ililijua jina hilo mwaka 1978, miaka 42 baadaye. Alipohojiwa alilalamika kwamba Lange hakumuuliza jina na kwamba picha haikumpa chochote. Siwezi kusema isingepigwa, ilisaidia watu kuona njaa iliyokuwepo. Lakini miaka 42 bila jina, na yeye yupo hai, anaiona kila mahali. Kuuliza jina inachukua sekunde tatu.

Na kuna swali la upande wa pili nalo huwa linaniwasha, kwamba je picha ikipangwa hisia inakuwa ya uongo? Ile picha ya mpiga picha Mfaransa Robert Doisneau ya mwaka 1950, vijana wawili wanabusiana barabarani Paris huku watu wanapita, kwa miaka mingi watu waliamini ni ya kushtukiza, mpaka kuna wapenzi wengine walijitokeza wakidai ndo wao na mambo yakafika mahakamani, hapo mwanzoni mwa miaka ya 1990 Doisneau akasema wazi kwamba aliipanga na vijana waliokuwa wanasomea uigizaji. Wengi walivunjika moyo. Lakini ukifuatilia unakuta wale vijana walikuwa wapenzi kweli, aliwaona wakibusiana, akawafuata akawaomba warudie. Sasa hapo uongo uko wapi na ukweli uko wapi? Mi nimeshindana na watu sana kuhusu hili. Msimamo wangu ni kwamba busu lilikuwa la kwao, wakati haukuwa wa kwao, aliwachagulia yeye. Sioni dhambi kwenye hilo ila mi siwezi kufanya hivyo tena, kwa sababu niliwahi kumwambia mtu "hebu rudia ulivyofanya" na alivyorudia nikaona ameanza kujiangalia. Hadi naondoka alikuwa bado anajiangalia. Nilimharibia siku yake kwa ajili ya fremu moja.

Nimalizie na kazi moja ya karibuni, maana ndo iliyonifanya niandike yote haya.

Kuna baba mmoja aliniomba nimsindikize uwanja wa ndege kumpokea binti yake. Hawajaonana miaka sita. Alimwacha ana miaka mitatu, sasa ana tisa, wameonana kwenye simu tu. Alitaka picha ya kukumbatiana, akaniambia kabisa, hiyo tu, we kaa pale mlangoni wanapotokea. Tulifika masaa mawili kabla na ndege ikachelewa, kwa hiyo tulikaa. Mwanzoni alinionyesha tabasamu la kamera, nikampiga mbili tatu, afu tukapiga stori, afu stori zikaisha, na yeye akasimama akawa anatembea huku na huku karibu na ile reli ya watu wanaosubiri. Nikabaki nimekaa. Nikamsikia anaongea peke yake, kwa sauti ya chini sana. Anasema, "Hapa." Kimya. "Au hapa."

Nikageuza kichwa. Alikuwa amenyoosha mkono mbele yake, kiganja kimelala, kwenye usawa wa kiuno. Akaupandisha kidogo. Akaangalia ile nafasi tupu chini ya kiganja. Akaupandisha tena mpaka chini ya kifua, akatikisa kichwa, akaushusha. Afu akapiga goti moja, akapima tena kutoka pale chini, akasimama haraka kwa sababu kuna mtu alipita. Alikuwa anatafuta binti yake ana urefu gani ili ajue apige magoti au asimame. Kwenye simu mtoto hana urefu, unaona uso tu.

Nilipiga picha nne, ya tatu ndo yenyewe, mkono uko hewani na yeye anaangalia chini yake kama kuna mtu amesimama pale.

Mtoto alipotokea nilipiga na ile ya kukumbatiana pia, aliyoiagiza. Alipiga magoti yote mawili, na alikuwa amekosea, binti alikuwa mrefu kuliko alivyokadiria, kidevu chake kikakaa juu ya kichwa cha baba yake, na mikono yake ikawa haijui iende wapi mpaka ikatua kwenye masikio ya baba.

Baada ya siku mbili nikamwonyesha zote. Ya kukumbatiana akaiangalia akasema asante. Alipofika kwenye ile ya mkono akasimama hapo muda mrefu, akanyoosha mkono wake tena, usawa uleule, pale sebuleni, akaangalia. Afu akanigeukia.

"Ulijuaje kama nilikuwa nampima?"

Nikamwambia nilikusikia.